Moja Kati ya Thelathini na Mbili

Nimefundisha hesabu maisha yangu yote ya kazi, na kuna somo moja tu ambalo nilikuwa nalipita mbio kama mtu anayepita boma lenye mbwa mkali. Ni ile pembetatu ya namba. Unaandika moja juu. Chini yake moja na moja. Chini yake tena moja, mbili, moja, na kuendelea hivyo, kila namba ikizaliwa na zile mbili zilizo juu yake. Wanafunzi huipenda kwa sababu ni rahisi na inapendeza macho. Kitabu chetu kilikuwa na mfano wa familia yenye watoto wanne: je, kuna njia ngapi za kupata wavulana wawili? Huo mfano nilikuwa nauruka. Nilikuwa nawapa sarafu. Nawapa machungwa mabovu na mazima. Mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, mbona tumeruka huu wa watoto?" namwambia afanye kazi aliyopewa, aache kiherehere.

Mimi nilijifunza pembetatu hiyo nikiwa kidato cha tano, miaka ya sabini ikiwa ndiyo inaanza. Wasichana wa kuchukua hesabu tulikuwa wachache, na nisidanganye, nilikuwa na maringo. Likizo ya Aprili sikwenda kwetu Kitui. Mama alinituma kwa dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameolewa upande wa Makueni, karibu na Sultan Hamud, kwa sababu alikuwa mjamzito na miguu ilikuwa imemvimba. Alikuwa na wasichana wanne tayari. Huyu aliye tumboni ndiye wa tano.

Shemeji yangu alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka pale mjini, na jioni alirudi nyumbani kwa baiskeli. Jumapili alikuwa msimamizi wa shule ya watoto kanisani. Alikuwa mtu mzuri. Naona niseme hivyo mapema, maana huko mbele nitamkasirikia. Hakuwahi kumwinulia dada yangu mkono, na mabinti zake aliwashonea nguo zenye mikunjo kama za watoto wa tajiri.

Shida ilikuwa nyumba ya pili katika boma lile lile, nyumba ya mama yake. Wajukuu walimwita Susu, yaani nyanya, nasi sote tukamwita hivyo. Susu alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, na kwetu Ukambani mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake. Mume wake alikuwa amekufa, na jina lake lilikuwa linangoja. Kila dada alipozaa msichana, Susu alimpokea kwa mikono miwili, akambariki, kisha akatoka nje akakaa kimya akiwa ameipa mgongo nyumba ya dada. Alimsukuma mwanawe kwa miaka aoe mke mwingine. Shemeji alikuwa na jibu lile lile kila mara: kanisa litamtenga na Meza ya Bwana, watamnyang'anya watoto wa Jumapili, na tena anayepanga ni Mungu. Hilo jibu ndilo lililokuwa ukuta wa dada yangu. Siku ambayo lingebomoka, mwanamke mwingine angekuja kukoka moto katika boma lile, mashamba yangekwenda kwa watoto wake, na dada angebaki mgeni kwake mwenyewe. Aliniambia hivyo kwa maneno machache tu, tukiwa tunaosha vyombo.

Basi alasiri moja tulikuwa tumekaa kivulini mimi naye, tunachagua ndengu kwenye uteo, tunatoa mawe. Wasichana walikuwa wanatuzunguka. Kwa vile nilikuwa na kile kiburi cha mtu aliyejifunza kitu kipya, nikasema, "Ngoja niwaonyeshe mchezo." Nikasafisha sehemu ya uteo, nikachukua punje za mahindi kuwa wavulana, ndengu kuwa wasichana. Mama akizaa mara moja, nikawaambia, kuna njia mbili: ndengu, au hindi. Akizaa mara mbili, ziko nne: ndengu mbili, mahindi mawili, na mchanganyiko unaoweza kuja kwa njia mbili, maana msichana anaweza kutangulia au kufuata. Moja, mbili, moja. Akizaa mara tatu: moja, tatu, tatu, moja. Nikaendelea kuchora kwa kidole katika vumbi la ndengu.

Yule binti wa pili, mtoto mwenye macho ya kuona, akagundua kwamba ukishuka kwa mshazari unapata moja, tatu, sita, na kwamba kila mojawapo unaweza kuipanga punje zake ikawa pembetatu kamili kama paa la nyumba. Akaanza kupanga. Nilifurahi mpaka nikampigia makofi.

Dada alikuwa anautazama mstari wa watoto wanne. Moja, nne, sita, nne, moja.

"Na mimi niko wapi hapo?" akauliza.

Nikamwonyesha moja ya pembeni, upande wa ndengu tupu.

"Peke yangu?"

"Njia moja kati ya kumi na sita," nikasema. "Lakini huo mstari hauwezi kuandikwa bila hiyo moja, dada. Lazima kuna mtu wa kukaa hapo."

"Aiya," akasema. "Na kwa nini iwe mimi?"

Hilo sikufundishwa. Mara shemeji akafika na baiskeli yake, akachungulia uteo. "Mwalimu wetu anafundisha nini leo?" Alipenda kuniita mwalimu kabla sijawa mwalimu. Nikamweleza upya, naye alikuwa mwepesi wa kushika, maana fundi wa nguo huishi na vipimo. Akaniambia niandike mstari wa watoto watano. Nikaandika: moja, tano, kumi, kumi, tano, moja. Akajumlisha mwenyewe.

"Thelathini na mbili," akasema. "Na ya wasichana watupu ni moja tu?"

"Moja tu."

"Kwa hivyo zile zingine zote, thelathini na moja, zina mvulana ndani?"

"Ndiyo, lakini..."

Lakini yangu haikusikika. Alikuwa amesimama, amevua kofia, uso umemng'aa kama mtu aliyeitwa jina lake redioni. "Moja dhidi ya thelathini na moja!" akamwambia dada. "Mama watoto, umesikia? Safari hii hata shetani hana pa kupita!"

Nikamwambia, "Shemeji, ngoja. Hizo thelathini na mbili ni za mtu ambaye hajazaa hata mmoja. Wewe wanne unao. Hawa hapa, wanakula ndengu mbichi. Njia zote zenye mvulana katika wanne wa kwanza zimeshakufa kwako. Zimebaki mbili peke yake: wasichana wanne na mvulana, au wasichana wanne na msichana. Ni nusu kwa nusu, vile ilivyokuwa siku ya kwanza."

Akacheka, akanipiga kofi dogo begani. "Hiyo nusu ndiyo hamjaifikia bado darasani."

Haki, nilitaka kulia kwa hasira. Hakuna kitu kinachochoma kama kusema ukweli kwa mtu anayekupenda, naye akakuchekea. Siku iliyofuata nikajaribu tena kwa sarafu. Nikamwambia atupe juu. Ikaangukia kichwa, ikaangukia kichwa tena, ikaangukia kichwa tena. "Sasa, shemeji, itaanguka nini?" Akasema lazima ngao, kichwa kimechoka. Akairusha, ikaanguka ngao. Aliruka! Akaizunguka nyumba akiimba pambio. Nikabaki nimeshika kiuno. Na hata kama ingeanguka kichwa, ningethibitisha nini? Angesema basi inayofuata.

Pale ndipo mambo yalipoanza kunitoka mkononi, na sijui kama yalikuwa mkononi mwangu hata dakika moja. Alieleza watu pale barazani mjini. Aliwaeleza wazee wa kanisa. Alikata kitambaa cha kaki akashona kaptura ya mtoto, tena yenye mifuko, utadhani mtoto mchanga ana kitu cha kutia mfukoni. Watu walikuja kuniangalia, msichana wa shule aliyepiga hesabu akaona mtoto wa kiume. Nikiwaambia sikusema hivyo, walidhani najificha kwa heshima.

Kisha akamwendea mama yake. Mimi nilikuwa jikoni kwa Susu, nampasulia kuni, nikasikia yote. Susu alikuwa amepata nyumba moja kule Nuu, upande wa Kitui, yenye binti aliyemaliza shule ya msingi, na alitaka jibu. Miaka yote shemeji alikuwa amejibu kwa Mungu na kanisa. Siku hiyo alijibu kwa namba.

"Ngoja huyu azaliwe, mama. Ni mvulana, imehesabiwa. Akiwa msichana, haya, nitakubali unachotaka, na sitatoa neno lingine."

Susu akauliza, "Nani amehesabu?"

Niliacha kuni pale pale. Nikamngoja shemeji njiani, nikamwambia maneno ambayo msichana hamwambii mume wa dada yake. Nilimwambia ameweka nyumba ya dada yangu rehani kwa punje za ndengu. Nilimwambia kwamba miaka yote hiyo alikuwa na ukuta, na ameubomoa mwenyewe kwa furaha. Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Usiogope, mwalimu. Hesabu yako ni nzuri. Wewe ndiye usiyeiamini."

Susu naye aliniita. Kwake kosa lilikuwa lingine kabisa. Kwetu watoto wa watu hawahesabiwi. Hata mbuzi mtu hawahesabu kwa mdomo. Anawatazama tu wakiingia zizini, naye anajua kama kuna aliyepungua. Ukimnyooshea mtoto kidole ukasema mmoja, wawili, unaita macho mabaya. Na mimi nilikuwa nimewamwaga wajukuu zake kwenye uteo, waliozaliwa na ambao hawajazaliwa, nikawahesabu mpaka thelathini na mbili. "Nyinyi mliosoma," akasema, "hamna hata haya." Nilimwambia, "Pole, Susu." Ningesema nini kingine? Niwaeleze wote wawili? Mmoja alitaka nihesabu zaidi, mwingine alitaka nisingehesabu kabisa.

Alibaki dada. Nilijiambia, dada ni mtu wa akili, yeye atanielewa, naye atamrudisha mumewe nyuma kabla mambo hayajaiva. Nikamkuta anafua, anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu nifike. Nikaanza, "Dada, kuhusu ile hesabu..."

"Nyamaza," akasema, bila ukali.

"Ni nusu kwa nusu, dada. Nisikilize. Amemwahidi mama yake..."

"Najua alichoahidi." Alikamua nguo, akaianika, akarudi. "Tangu yule wa pili, sijabeba mimba bila hofu. Kila mtoto akicheza tumboni namuuliza, wewe ni nani. Huyu simuulizi. Nalala. Nakula. Niachie huyu, mdogo wangu. Usininyang'anye."

Nikamsaidia kuanika. Mpaka leo sijui ningesema nini. Ningemwambia ukweli kwa nguvu, ningemwondolea usingizi, na mtoto aliye tumboni angebaki alivyo, mvulana au msichana. Nilirudi shuleni na huo mzigo. Nilimuuliza mwalimu wetu wa hesabu, mzee mmoja mcheshi, nikijifanya ni swali la mtihani: mama mwenye wasichana wanne, wa tano je? Akasema nusu. "Tumbo halikumbuki lilichozaa jana," akasema, darasa zima likacheka. Mimi nilicheka pamoja nao, halafu nikaenda chooni kulia.

Alijifungua likizo ya Agosti, katika zahanati, mimi nikiwa nje na chupa ya uji. Muuguzi akatoka akasema mama mzima, mtoto mzima, msichana. Alikuwa msichana mzuri kweli, mwenye nywele nyingi na sauti kubwa. Nilipoingia dada alikuwa amegeukia ukuta. Hakulia. Alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akatafuta wangu, nikaushika.

Shemeji alikuja jioni. Akamchukua mtoto, akamwombea. Tulipotoka nje akaniuliza, kwa upole ule ule wake wa kuudhi, "Mwalimu, si ulisema moja kati ya thelathini na mbili?"

"Ndiyo hii, shemeji," nikamwambia. "Ndiyo hii moja umeshika."

Kule bomani Susu hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba watoto walihesabiwa. Basi huyo mmoja akawa anasema nilihesabu vibaya, na mwingine anasema nilihesabu, na hakuna aliyekumbuka kwamba nilisema nusu.

Nilidhani angalau shemeji atavunja ahadi yake. Watu huvunja ahadi kila siku, na ile ilikuwa ya kijinga. Lakini alikuwa mtu wa neno lake, na wema wake ndio uliotumaliza. Akatafuta njia ya kutimiza ahadi bila kupoteza kanisa, na njia ilikuwepo, ya zamani kuliko kanisa lenyewe. Kwetu, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwolea mke yule mwana ambaye hakumzaa. Anakwenda yeye mwenyewe kuposa, anatoa mbuzi, na msichana anakuja kwake kama mke wa mwanawe. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Watoto atakaozaa, haijalishi na nani, ni wajukuu wa huyo mama, na wavulana wao wanashika shamba na jina. Mbele ya kanisa shemeji hakuoa mtu. Mchungaji akasema hayo ni mambo ya wanawake, akaangalia kando. Na kila mtu alijua nani angekuwa akiingia nyumba ya iweto.

Kwa hivyo aliyetakiwa kwenda kuposa ni dada yangu. Hata hiyo hakuachiwa, ya kukaa nyumbani na kununa. Nilimwambia akatae. Nilimwambia twende kwetu Kitui, turudi kwa mama na hawa watoto watano. Akaniuliza mama atawalisha nini, na ukame huu. Nilikuwa msichana wa shule. Sikuwa na nyumba, wala mshahara, wala neno lenye uzito mahali popote. Nikamwomba tu niende naye.

Tulikwenda Nuu sisi watatu, Susu, dada na mimi, mtoto akiwa mgongoni mwangu. Ni mbali, na tulifika tumejaa vumbi mpaka kope. Walitupokea vizuri, wakatupa maji na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, yenye kunde. Binti mwenyewe nilimwona mlangoni mwa jikoni. Alikuwa rika langu. Alikuwa na kovu dogo kidevuni na alivaa sketi ya shule aliyoishusha pindo. Tuliangaliana, kisha kila mmoja wetu akatazama chini.

Mama yake, tuliyemwita mwaitu, yaani mama, kwa heshima, aliongea kwa adabu. Kila mtu pale alijua ni iweto, hakuna aliyedanganywa. Lakini maneno ya kuposa yana mpangilio wake, na mama yule akayafuata. Akauliza, mwana wenu anaitwa nani? Maana binti yake angeitwa mke wa mtu huyo. Susu akatangulia kujibu, akalitaja jina la marehemu mumewe, lile ambalo mvulana wa dada angepewa, na kwa mila hilo lilitosha. Mazungumzo yalikuwa yaende kwa mbuzi.

"Na ni mtu wa namna gani?" mama yule akaongeza. Nafikiri ilikuwa uchungu wa mzazi tu, hakutaka kumtoa binti yake kwa jina tupu. Susu akafungua mdomo. Dada akamtangulia.

"Ni mpole," akasema dada yangu. "Mrefu kama baba yake. Si mtu wa maneno mengi, lakini akicheka utacheka nawe."

Susu akamgeukia. Mimi nilihisi mtoto akijinyoosha mgongoni, nikaanza kumpigapiga, nikimbembeleza ingawa hakuwa analia.

"Anapenda ukoko wa ugali," dada akaendelea, macho yakiwa kwa yule mama, sauti yake shwari kabisa. "Dada zake wanamdekeza. Alichelewa kutembea, nikawa na wasiwasi, lakini alipoanza hakukamatika. Sasa ndiye anayenichotea maji mgongo ukiniuma."

Binti alikuwa ameacha alichokuwa anafanya, amesimama mlangoni anasikiliza, kama mtu anayeletewa habari za mume wake. Nilitaka kumshika dada mkono nimwambie basi, inatosha. Badala yake nikaendelea kumpigapiga mtoto.

Mama yule akainama mbele kidogo. "Anakunywa pombe?" akauliza taratibu.

"Huyo?" dada akasema, na karibu atabasamu. "Hapana, mwaitu. Huyo hajanisumbua hata siku moja."